Lesoni ya 7: Jeraha la Kiwewe

SABATO ALASIRI

*Soma kwa ajili ya Lesoni ya Juma Hili:* Ayubu 2:11–13, 7:11–16, Zaburi 55:1–8, 1 Wafalme 19:1–18, 2 Samweli 13:1–22, Marko 5:25–34, Yohana 20:19–29.

*Fungu la Kukariri:* Zaburi 34:18. Kila mwanafunzi alikariri kama lilivyo katika Biblia yake.

Ijumaa ya Agosti 7, 1998, kati ya saa nne na nusu na saa tano kasorobo asubuhi, watu waliokuwa katika maofisi ya katikati ya Nairobi walisikia kishindo na milio ya risasi. Wengi walikimbilia madirishani kuona kulikoni. Muda mfupi baadaye bomu kubwa lililobebwa na lori lililipuka nyuma ya ubalozi wa Marekani, penye makutano ya barabara za Moi na Haile Selassie. Jengo la Ufundi lililokuwa jirani liliporomoka. Vioo viliwapiga usoni wale waliosimama madirishani, na wengi wakapoteza macho. Watu 213 walikufa Nairobi. Dar es Salaam, ambako bomu jingine lililipuka karibu wakati uleule, walikufa 11. Majeruhi walihesabiwa kwa maelfu. Kesho yake, siku ya Sabato, waokoaji walikuwa bado wanafukua kifusi.

Mifupa iliungwa na barabara zikafagiliwa. Ndipo likaanza kuonekana jeraha la aina nyingine. Mtu aliyetoka mjini siku ile bila hata mkwaruzo anaweza, miezi mingi baadaye, kushindwa kupanda lifti au kuketi karibu na dirisha. Tairi la matatu likipasuka, anajikuta amelala chini kabla hajajua afanyalo.

Dkt. Frank Njenga, mtaalamu wa magonjwa ya akili, pamoja na wenzake, walikusanya majibu ya Wakenya 2,883 kati ya mwezi mmoja na mitatu baada ya mlipuko. Matokeo yalichapishwa mwaka 2004. Asilimia 35 ya waliojibu walikuwa na dalili zinazokaribia zile za ugonjwa ambao madaktari huuita msongo wa baada ya kiwewe. Miongoni mwa mambo yaliyoambatana na dalili hizo yalikuwamo kuumia, kufiwa na kuishiwa fedha. Lilikuwamo pia jambo moja ambalo kanisa linapaswa kulitazama mara mbili: kutokuwa na rafiki aliyeelezwa yaliyotokea. Utafiti wa namna hiyo hauwezi kuonyesha kipi kilizaa kipi, kwa kuwa huenda aliyeumia zaidi ndiye aliyeshindwa kusema. Hata hivyo, unaacha swali mlangoni pa kila kanisa: mtu aliyeogofywa hivyo akija kuabudu, atampata nani wa kumwambia?

JUMAPILI

Mwili Usiosahau

*Soma Ayubu 7:11–16 na Zaburi 55:1–8. Ni mambo gani ya mwilini na ya usiku yanayotajwa na Ayubu na Daudi?*

Ayubu alitumaini kwamba kitanda chake kingempa nafuu, lakini usingizi ukamletea ndoto za kutisha, kiasi kwamba aliona heri kufa kuliko kulala. Daudi anasimulia moyo unaouma ndani yake, mtetemeko uliomwingia, na tamaa ya kuwa na mabawa ili arukie mbali, jangwani, pasipo na mtu. Daktari wa leo akisoma mafungu hayo bila kuambiwa yametoka wapi, angeuliza maswali kadhaa kabla ya kumruhusu mgonjwa kurudi nyumbani.

Mungu alimwumba mwanadamu akiwa na king'ora ndani yake. Nyoka akitokea njiani, moyo hupiga mbio, damu hukimbilia miguuni, macho hupanuka, na mtu huruka kabla hajafikiri. Hiyo ni zawadi. Bila hiyo wengi wasingekuwa hai. Nyoka akiisha kwenda zake, king'ora hunyamaza, na tukio huwekwa mahali pake katika kumbukumbu, likawa habari ya jana.

Katika kiwewe kisichopona, king'ora hakinyamazi, na tukio halikubali kuwa la jana. Linarudi kama jambo linalotendeka sasa hivi, kwa ndoto, kwa picha zinazoingia bila hodi, kwa harufu ya dizeli au moshi inayomfanya mtu atokwe jasho. Kwa sababu hiyo mtu huanza kukwepa: njia ile, habari ile, watu wale, hata kuzungumza. Mawazo yake nayo hubadilika. Hujilaumu kwa kuwa yeye yu hai na mwenzake amekufa. Huona ulimwengu wote ni hatari. Furaha na upendo huwa kama vitu vya watu wengine. Na mwili wake hukaa macho, mwepesi wa kushtuka na kukasirika, mzito wa kulala. Dalili hizo zikidumu zaidi ya mwezi mmoja na kuharibu kazi au nyumba ya mtu, wataalamu huzihesabu kuwa ugonjwa. Si kila aliyeona tisho huugua hivyo. Walio wengi hupata nafuu kadiri siku zinavyokwenda. Tena haihitaji bomu. Ajali ya basi, uvamizi wa majambazi, kubakwa, kupigwa na mume, uzazi uliokaribia kuua, au vita vilivyomkimbiza mtu kutoka Kivu, vyote vyaweza kuacha jeraha hilo.

Jina la ugonjwa huu liliingia katika vitabu vya madaktari wa Marekani mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam, lakini wagonjwa walikuwapo zamani. Katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia jeshi la Uingereza liliwapiga risasi askari wake kwa makosa kama vile woga na kutoroka. Mwaka 2006 serikali ya nchi hiyo iliwasamehe 306 kati yao, wakiwa wamekwisha kufa karibu miaka tisini. Baadhi yao, ilikubaliwa, walikuwa wamevurugwa na vita.

Kanisa halipigi mtu risasi. Lakini kumwambia aliyejeruhiwa kwamba ana pepo, au kwamba angekuwa na imani angekwisha kusahau, ni kumhukumu kwa kosa lilelile. Ayubu alishuhudiwa na Mungu mwenyewe kuwa mtu mkamilifu (Ayubu 1:8), na bado aliota ndoto zile.

*Umewahi kusikia dalili kama hizi zikielezwa kuwa dhambi au upungufu wa imani? Maneno hayo yalimtendea nini aliyeambiwa?*

JUMATATU

Chini ya Mretemu

*Soma 1 Wafalme 19:1–18. Orodhesha yale ambayo Mungu alimtendea Eliya kabla ya kumpa kazi yoyote.*

Eliya alikuwa ametoka Karmeli, ambako moto ulishuka kutoka mbinguni na manabii wa Baali wakauawa kando ya kijito Kishoni. Huko nyuma manabii wa Bwana walikuwa wamechinjwa kwa amri ya Yezebeli. Sasa anakuja mjumbe mmoja tu na ujumbe mmoja tu, kwamba kesho wakati kama huu naye atakuwa maiti. Mtu aliyesimama mbele ya mfalme bila kutetemeka anakimbia ili kuokoa nafsi yake.

Si vema kumpima nabii kana kwamba yuko katika chumba cha daktari, na Biblia haisemi aliugua ugonjwa gani. Lakini mwenendo wake unafahamika kwa yeyote aliyewahi kuishi na mtu mwenye kiwewe. Anakimbia mbali kuliko hatari ilivyo. Anamwacha mtumishi wake Beer-sheba na kuendelea peke yake (fungu la 3). Anaomba kufa. Analala usingizi.

Malaika hakuja na mahubiri. Alikuja na mkate wa moto na maji. Eliya akala, akalala tena, na hakuna aliyemwamsha kumwuliza kwa nini hasali. Alipoguswa mara ya pili, aliambiwa tu kwamba safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Mbingu ilikubali kwamba mtu huyu amechoka, ikampikia.

Halafu Horebu. Mungu anamwuliza anafanya nini pale, naye Eliya anajibu kwa uchungu kwamba amekuwa na bidii, wengine wameuawa, na yeye amesalia peke yake. Unapita upepo, tetemeko na moto, kisha sauti ya utulivu. Mungu anauliza swali lilelile. Linganisha fungu la 10 na la 14: Eliya anatoa jibu lilelile, karibu neno kwa neno. Amejionea utukufu uliomfanya afunike uso, na habari yake haijabadilika hata kidogo.

Wanaokaa na majeruhi wa kiwewe wanalijua hilo. Habari ileile, kwa maneno yaleyale, juma hili kama juma lililopita, mpaka ndugu wanaanza kutazamana. Mungu aliisikiliza mara mbili bila kumkatiza. Kisha akamrudisha kwa njia aliyoijia, akampa kazi ya kutia mafuta wafalme wawili, na akampa mtu: Elisha, aliyemfuata na kumtumikia. Wale elfu saba ambao Eliya hakujua kama wapo walitajwa mwisho kabisa, baada ya mkate, usingizi, safari na masikizano.

*Kati ya mkate, usingizi, kusikilizwa, kazi na mwenzi wa safari, ni kipi ambacho kikundi chako kinaweza kumpa mtu juma hili bila kungoja kikao cha baraza?*

JUMANNE

Katika Nyumba ya Absalomu

*Soma 2 Samweli 13:1–22. Tamari alifanya nini mara tu baada ya kutendewa uovu? Absalomu na Daudi walifanya nini?*

Sura hii haisomwi mara nyingi mimbarani, na kunyamaza huko ni sehemu ya tatizo lenyewe.

Amnoni alimbaka Tamari, ndugu yake wa baba mmoja, kisha akamfukuza na kufunga mlango. Tamari hakunyamaza. Alijitia majivu kichwani, akararua vazi lake la kifalme, akaweka mkono juu ya kichwa, akaenda njiani akilia kwa sauti. Kwa desturi za watu wake alifanya kila awezalo ili jambo lile lionekane.

Absalomu alimtaka anyamaze, kwa sababu mtenda uovu ni ndugu yake, na akamwambia asilitie moyoni. Kwa Kiswahili cha mitaani, funika kombe mwanaharamu apite. Absalomu hakuwa mtu asiyejali. Alimpa dada yake makao, na ndani yake alikuwa anachemka. Lakini alimfungia mdomo. Mfalme Daudi aliposikia alikasirika sana, na hasira yake ikaishia hapo. Tamari akabaki katika nyumba ya kaka yake, mtu aliyeharibikiwa, na Maandiko hayamtaji tena akisema neno.

Miaka miwili baadaye Absalomu alimwua Amnoni, na mwisho wa yote taifa zima liliingia vitani. Jeraha lililofunikwa halikupona. Lilihamia kwa wengine.

Nyumba za Absalomu zingalipo. Msichana anambiwa asiseme kwa kuwa mjomba ndiye anayelipa ada. Mke anashauriwa avumilie ili jina la mzee wa kanisa lisichafuke. Mara nyingine neno zuri la msamaha hutumika kama kifuniko, na anayeumia hubebeshwa mzigo wa pili, wa kuonekana mwenye moyo mgumu. Msamaha ni kazi ya Roho Mtakatifu ndani ya mtu, nao una wakati wake. Haumzuii mhalifu kufikishwa mbele ya sheria, wala haumlazimishi aliyetendewa kurudi mikononi mwake. Pale ambapo mtoto amedhuriwa, kulimaliza jambo kifamilia ni kumwacha katika hatari, na mara nyingi ni kuwaweka watoto wengine katika hatari ileile.

Inafaa kuangalia pia kwamba Biblia yenyewe haikumfunika Tamari. Roho aliongoza habari yake iandikwe na majina ya wahusika, tena wa jamaa ya kifalme, isomwe hata leo.

*Kama Tamari angefika katika kanisa lako Sabato ijayo na vazi lake lililoraruka, angepokelewa na nani mlangoni, na angeambiwa nini?*

JUMATANO

Kweli Yote

*Soma Ayubu 2:11–13 na Marko 5:25–34. Marafiki wa Ayubu walifanya nini vema kabla hawajaanza kukosea? Kwa nini Yesu hakumwacha mwanamke aende zake kimya kimya, akiwa amekwisha kupona?*

Marafiki watatu wa Ayubu hukumbukwa kwa hotuba zao, na hotuba hizo ndizo zilizokemewa mwishoni mwa kitabu. Lakini juma lao la kwanza lilikuwa zuri. Walitoka makwao, walilia, waliketi chini pamoja naye siku saba mchana na usiku, wala hawakusema neno, kwa sababu waliona kwamba huzuni yake ni kubwa. Matanga ya Waafrika yanajua kazi hiyo. Mtu anakuja, anaketi mkekani, anakunywa chai, anaondoka jioni bila kusema mengi, na aliyefiwa anajua nani alikuja.

Yule mwanamke aliyetokwa na damu kwa miaka kumi na miwili alipona mara alipogusa vazi. Kama jambo lingekuwa la mwili tu, habari ingekwisha pale. Yesu alisimama, akauliza, akangoja. Mwanamke akaja kwa hofu na kutetemeka, akamweleza kweli yote: miaka, waganga, mali iliyokwisha, aibu. Wakati huo binti wa Yairo alikuwa anakata roho, na baba yake amesimama palepale. Haiwezekani kwamba Yairo aliona muda huo kuwa mfupi. Lakini Yesu hakumharakisha mwanamke, na alipomaliza alimwita binti.

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya kazi iliyofanywa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini-magharibi mwa Uganda. Wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia, waliokuwa na ugonjwa wa kiwewe, walishiriki. Waliowahudumia hawakuwa madaktari. Walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa na kusimamiwa na wataalamu. Katika vikao vichache tu, wengi wa waliohudumiwa walipata nafuu iliyowaacha mbali wale waliofuatiliwa bila huduma hiyo.

Njia mojawapo iliyotumika huko ni ya kumsaidia mtu kusimulia maisha yake tangu kuzaliwa. Katika njia hiyo kamba hutandazwa sakafuni kuwa ndiyo miaka yake. Ua huwekwa mahali palipokuwa na furaha, jiwe mahali palipokuwa na tisho. Kisha vikao vinavyofuata hupita hapo polepole, jiwe kwa jiwe, akisimulia alichoona, alichosikia, alichofikiri, mwili wake ulivyofanya, na msikilizaji akimkumbusha kwamba sasa yuko hapa, mahali salama. Hatimaye jiwe linakuwa na mahali pake kwenye kamba. Lilitokea mwaka fulani, na baada yake kuna kamba nyingine.

Kazi hiyo ina mafunzo yake, na kikundi cha Shule ya Sabato kisijitwike bila hayo. Kumchimba mtu maswali ili aeleze yote usiku wa tukio lenyewe hakusaidii na kwaweza kumdhuru. Wala asisukumwe kutoa ushuhuda mbele ya kanisa zima. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2011 wa msaada wa kwanza kwa waliopatwa na maafa, linafundisha mambo matatu: tazama, sikiliza, unganisha. Yaani, angalia kama yuko salama na ana mahitaji gani. Msikilize kadiri anavyotaka kusema. Kisha mfikishe kwa jamaa zake na kwa wenye ujuzi. Hayo hayahitaji shahada. Yanahitaji mtu asiyepeleka habari za wenzake kisimani.

*Ni nani katika maisha yako aliyewahi kusikiliza kweli yote bila kukukatiza? Alifanya nini hasa?*

ALHAMISI

Milango Iliyofungwa Tena

*Soma Yohana 20:19–29. Linganisha fungu la 19 na la 26. Nini kimebadilika katika siku nane, na nini hakijabadilika?*

Jioni ya siku ya ufufuo wanafunzi walijifungia kwa hofu ya Wayahudi. Siku mbili nyuma walikuwa wamemwona, au wamesikia habari za, Bwana wao akigongomewa msalabani. Yesu alikuja, akasimama katikati, akawapa amani, akawaonyesha mikono na ubavu. Wakafurahi. Baada ya siku nane walikuwa ndani tena, na milango imefungwa.

Wasomaji wengi humkimbilia Tomaso na kupita juu ya mlango. Hawa kumi walikuwa wamemwona aliyefufuka kwa macho yao. Hawakuwa na shaka tena, walimhubiria Tomaso wazi. Bado jioni ilipofika, mtu fulani alisimama akaenda kukaza komeo. Yohana hasemi sababu mara hii ya pili, lakini hasemi pia kwamba Yesu aliuliza habari ya mlango. Alipita kama mara ya kwanza, akawasalimu kwa amani ileile.

Mtu mwenye kiwewe anaweza kumpenda Bwana kwa moyo wote na bado asiweze kulala taa ikiwa imezimwa. Mambo hayo mawili hukaa katika nyumba moja, kwa miaka mingine. Kupona kunakuja, na kwa wengi kunakuja kwa kiasi kikubwa, lakini mara nyingi huja kama maji ya kisima wakati wa kiangazi, kidogo kidogo, na siku nyingine ndoo inarudi tupu. Mwezi wa tukio ukifika tena, dalili zaweza kurudi. Huko Rwanda kila Aprili, wakati wa kumbukumbu ya mauaji ya kimbari ya 1994, wahudumu huandaliwa kwa ajili ya wale wanaozidiwa hapohapo uwanjani. Kujua tarehe hizo za mtu na kumpigia simu siku hiyo ni huduma ndogo yenye uzito.

Kwa anayeishi na jeraha hili, matibabu yapo, nayo si kinyume cha maombi. Mazungumzo ya tiba pamoja na mtaalamu aliyefundishwa ndiyo yaliyothibitika kuliko yote. Dawa huwasaidia baadhi, chini ya uangalizi wa daktari. Pombe, bangi na vidonge vya usingizi vinavyonunuliwa bila cheti humpa mtu usiku mmoja na kumdai miezi. Kutembea, kula kwa saa zake, kulala na kuamka kwa saa zilezile, mambo ambayo Waadventista wamefundisha kwa muda mrefu, huupa mwili uliotishika mpangilio wa kuutegemea. Na mtu akianza kusema kwamba heri afe, maneno yake yachukuliwe kama yalivyo: asiachwe peke yake, na apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Sabato nayo inaweza kuwa zawadi ya pekee kwa mtu ambaye mwili wake umesahau namna ya kupumzika, ikiwa waumini watamrahisishia. Wapo wasioweza kuketi isipokuwa karibu na mlango, na shemasi mwenye bidii huwasukuma wajaze viti vya mbele. Kipaza sauti kinachopiga kelele ghafula, kwa mtu wa namna hii, si jambo dogo. Hata kuwekewa mikono wakati wa maombi, au kukumbatiwa kwa upendo, kwaweza kumtisha aliyewahi kushikwa kwa nguvu. Inatosha kumwuliza kwanza.

Yakobo aliondoka Penieli amebarikiwa na anachechemea (Mwanzo 32:24–31). Mwili wa Yesu aliyefufuka, usioweza kufa tena, ulikuwa na alama za misumari, naye hakuzificha. Tomaso alizitumia kumtambua.

*Kuna mlango gani ambao mtu unayemfahamu bado anaufunga? Ungefanyaje ili umfikie bila kuuvunja?*

IJUMAA

Jifunze Zaidi

Soma sura ya 12 na ya 13 za kitabu *Manabii na Wafalme* cha Ellen G. White, zinazohusu safari ya Eliya kutoka Yezreeli hadi Horebu. Angalia hasa jinsi mwandishi anavyozungumzia kukata tamaa kwa mtumishi mwaminifu, na kazi ya wale wanaomzunguka. Alilijua jambo la kuumia. Akiwa na umri wa miaka tisa, huko Portland, Maine, alipigwa usoni na jiwe lililorushwa na mwanafunzi mwenzake. Alikaa majuma mengi hoi, mikono yake ikatetemeka hata asiweze kushika kalamu vizuri, na masomo yake ya shule yakakatika. Aliyeandika maelfu ya kurasa alianza na mkono huo.

Maswali ya Kujadili

1. Katika utafiti wa Nairobi, waliokosa rafiki wa kumweleza walikuwa miongoni mwa walioumia zaidi. Kikundi chenu hukutana kila juma. Je, kuna muda wowote katika saa hiyo ambapo mtu angeweza kusema jambo zito, au dakika zote zimekwisha kugawanywa? Kiongozi asijibu kwanza.

2. Jadilini tofauti kati ya kutunza siri ya aliyejeruhiwa na kuficha kosa la mhalifu. Mipaka iko wapi, hasa mtoto anapohusika?

3. Mtu anasema, "Nimeombewa mara nyingi na ndoto hazijakoma." Mkitumia habari za Eliya na za wanafunzi waliojifungia, mngemjibu nini? Ni jibu gani mngejizuia kulitoa?

4. Tafuteni kabla ya Sabato ijayo ni wapi, katika wilaya au kaunti yenu, mtu mwenye kiwewe anaweza kumpata mtaalamu wa afya ya akili au mshauri aliyefundishwa, siku gani yupo, na nauli ya kufika huko ni kiasi gani. Nani atakuwa tayari kumsindikiza?

5. Wapo wanaoishi na kiwewe kwa sababu ya kazi wanayoifanya kwa niaba ya wengine: wauguzi, polisi, wazima moto, wachungaji wanaozika kila juma. Katika kanisa lenu ni nani hao, na nani huwauliza hali zao?